Ukoo wa Kipindupindu

Wazee wa Ufipa husema jina Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Hata hivyo, mtu akitapika usiku kucha, kama katika bonde la Ziwa Rukwa kipindupindu kilipozuka mwaka 2018, ni rahisi kumtupia jirani jicho baya.

Ndugu msomaji, maabara zina jibu jingine. Husoma vinasaba vya kijidudu na kutambua nduguze, kama shangazi amtambuavyo mtoto kwa pua. Utafiti wa mwaka 2017, uliosoma vijidudu 1,070, ulionyesha kwamba tangu 1970 ukoo mmoja umeingia Afrika angalau mara 11. Mara 5 za mwisho ulitoka Asia, sugu kwa dawa nyingi.

Maji yaliyochemka sawasawa hukiua hata kijidudu hicho sugu.