Mtu wa Tatu Katika Penzi la Jela

Mpenzi msomaji, ukisikia "mtu wa tatu" kwenye uhusiano, moja kwa moja unawaza nyumba ndogo, mama mkwe, au yule rafiki wa kazini asiyeisha kupiga simu saa nne usiku. Sasa mwanamke ambaye mumewe anatumikia kifungo katika magereza ya jimbo la California, Marekani, ana mtu wa tatu wa aina yake. Hajawahi kula naye meza moja. Pengine hata sura yake haijui. Lakini mtu huyo ndiye anayepokea ombi lao la kulala pamoja, ndiye anayepeleka mbele ya kamati suala la mume kuhamishwa gereza, na siku za kutoka zikikaribia ndiye anayemkalisha mume kitini na kumwuliza: ukitoka hapa, unakwenda kukaa kwa nani?

Huyo ndiye mshauri wa gereza.

Cheo chenyewe kinadanganya. Ukisema "mshauri" unamwona mama mmoja mpole, ana boksi la tishu mezani, anasikiliza machozi. Kusikiliza anasikiliza, hilo halikwepeki, ila kazi yake hasa ni faili. Wengi wao walianza kama askari wa kawaida, wa kushika funguo na kuhesabu watu, ndipo wakapanda. Mshauri mmoja anaweza kuwa na wafungwa zaidi ya mia moja mikononi mwake, na kila mmoja ana mke, mama, mtoto au mchumba huko nje anayetaka kujua lini, wapi na kwa nini. Tumeichagua California kwa sababu huko kazi ya kuwapanga wafungwa na kazi ya kuwaandaa kutoka ziko kwenye meza moja, na kanuni zake zimechapishwa, mtu yeyote anaweza kuzisoma.

Mambo yote yanaanza na hesabu. Mfungwa mpya hapelekwi gerezani moja kwa moja. Anapitia kituo cha mapokezi, na pale maisha yake yanageuzwa pointi. Miaka aliyohukumiwa inazidishwa mara mbili: umepewa miaka kumi, tayari una pointi 20 kabla hujafungua mdomo. Juu yake zinaongezwa nyingine. Ulikamatwa mara ya kwanza ukiwa mdogo? Ongeza. Bado kijana sasa hivi? Ongeza. Umo kwenye genge? Ulishawahi kufungwa ukaleta fujo? Ongeza tena. Jumla yake ndiyo inayosema unakwenda wapi: 0 hadi 18 ni daraja la kwanza, lile lenye ulinzi mwepesi, 19 hadi 35 la pili, 36 hadi 59 la tatu, kuanzia 60 ni la nne, kule kwenye kuta na bunduki.

Utasema, sasa hesabu za jela zinahusiana nini na mapenzi? Subiri.

California ni jimbo refu. Ukikaa Los Angeles, na mwenzio akapangwa gereza la Pelican Bay, lile lililofunguliwa mwaka 1989 kule juu karibu na mpaka wa jimbo la Oregon, safari ya kwenda kumwona ni zaidi ya kilomita 1,100. Kwa sisi huku ni kama kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza. Unakwenda, unakaa naye saa chache, unarudi, Jumatatu unatakiwa kazini. Na mtoto mgongoni. Mara moja kwa mwezi? Kwa mshahara upi? Kwa hiyo zile pointi si habari ya mahakama tu, ni nauli. Ndizo zinazoamua kama utamshika mumeo mkono kila wikiendi au mara mbili kwa mwaka.

Habari njema ni kwamba pointi zinashuka. Kila mwaka mshauri analifungua faili upya na kulipeleka mbele ya kamati. Mfungwa aliyekaa miezi sita bila kosa kubwa anapunguziwa pointi 2. Akifanya kazi au kusoma vizuri kwa miezi hiyo sita, anapunguziwa 2 nyingine. Piga hesabu mwenyewe: kwa mwaka mzima wa nidhamu ni pointi 8. Mtu aliyeanza na 40, daraja la tatu, baada ya mwaka mmoja ana 32, ameshaingia la pili. Akipigana, zinarudi. Ugomvi wa dakika mbili jikoni unaweza kufuta kazi ya mwaka mzima, na mke kule nyumbani hajui hata walichogombania.

Ila usishangilie haraka. Kushuka daraja si lazima kuwa kusogea nyumbani. Kamati inaangalia na vitanda: wapi kuna nafasi, wapi ana maadui, wapi kuna daktari anayemhitaji. Wapo waliotulia, wakashuka, wakahamishiwa mbali zaidi. Mshauri ndiye anayempa mfungwa taarifa hiyo, naye mfungwa ndiye anayepaswa kumwambia mkewe kwenye simu. Kwa bahati simu sasa ni bure. Tangu Januari 2023 familia za wafungwa wa jimbo hilo hazilipi tena. Kabla ya hapo hata kugombana kulikuwa na bei yake kwa dakika.

Tuje kwenye lile ambalo najua umelisubiri. Ndiyo, wanalala pamoja. California ni mojawapo ya majimbo machache sana ya Marekani yanayoruhusu mfungwa kukaa na familia yake faragha. Ndani ya uzio wa gereza kuna vijumba vyenye jiko, sebule na chumba cha kulala, na familia inakaa humo saa 30 hadi 40. Chakula kinaagizwa mapema, mnapika wenyewe. Watoto wanakuja, wazazi nao wanakuja, ndiyo maana wenyewe wanaita ziara ya familia. Muda wa kuhesabiwa ukifika, mume anatoka kujionyesha kwa askari, halafu anarudi kwenye wali wake. Si fungate ya Zanzibar, lakini mwulize aliyekaa miaka minne bila kusikia mtu akikoroma pembeni yake.

Ombi linaanzia kwa mshauri. Yeye anakagua faili: kosa lilikuwa nini, nidhamu ikoje, cheti cha ndoa kipo? Aliyefungwa kwa kosa la ngono hapati. Aliyemdhuru mtu wa familia yake hapati. Mchumba naye hapati, hata kama mmechumbiana miaka saba na mahari imeshakwenda. Lazima muwe na ndoa inayotambuliwa na sheria. Basi wapo wanaooana humo humo, kwenye chumba cha wageni. Wenye kifungo cha maisha waliondolewa kwenye utaratibu huu miaka ya 1990, wakaruhusiwa tena mwaka 2017. Piga picha ndoa iliyongoja miaka ishirini na ushee kupata usiku mmoja.

Ziara za kawaida nazo zina vituko vyake. Dada yangu, ukienda usivae jinzi ya bluu, kwa sababu bluu ndiyo sare ya wafungwa na utarudishwa getini. Sidiria yenye waya nayo ina kesi na mashine ya kukagua vyuma. Umeamka saa tisa usiku, umeendesha gari kilomita mia nne, umejipulizia, halafu unaambiwa nguo haifai. Wazoefu wanaweka nguo ya akiba kwenye buti.

Lakini kwangu mimi, mtihani wenyewe uko mwishoni, kwenye fomu ya kutoka. Miezi kadhaa kabla ya tarehe, mshauri anaketi na mfungwa kupanga maisha ya nje. Atarudi kaunti ipi? Kwa kawaida ni ile aliyokuwa akiishi kabla ya kufungwa, atake asitake, labda apate kibali cha kwenda kwingine. Atasimamiwa na nani? Tangu mageuzi ya mwaka 2011, wenye makosa mepesi wanasimamiwa na kaunti, wengine wanabaki kwa maofisa wa parole wa jimbo. Kitambulisho kipo? Dawa je? Kazi? Haya yote yana majibu ya ndiyo au hapana. Halafu inakuja ile sehemu ndogo tu ya anwani.

Mfungwa anataja nyumba ya mkewe. Nani asingetaja? Mshauri anaandika. Maelezo yanatumwa nje kwa watakaomsimamia, na ofisa anaweza kufika kwenye nyumba ile kuikagua na kuzungumza na mwenyeji wake. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza pengine tangu mume afungwe, mwanamke anaulizwa swali lile bila mume kuwa mbele yake: unamtaka huyu mtu nyumbani kwako?

Jamani, hilo ni swali zito. Kwenye chumba cha wageni, mkiwa mmeshikana mikono na askari anawatazama, kila mtu anasema ndiyo. Nani atasema hapana pale, halafu aondoke na kumwacha mwenzie arudi ndani na maumivu hayo? Kwenye simu unasema "nakusubiri mpenzi". Lakini miaka sita si mchezo. Mwanamke aliyeachwa na mtoto wa miezi minane sasa ana mtoto wa darasa la kwanza. Amejifunza kulipa kodi peke yake, kuwasha gari bovu peke yake, kulala katikati ya kitanda. Anampenda, ndiyo. Ila kumpenda mtu wa kwenye barua na kumpa ufunguo wa nyumba ni mambo mawili, na hakuna aliyemwambia kwamba anaruhusiwa kuyatofautisha.

Mshauri makini analijua hilo. Hawezi kumlazimisha mfungwa amwulize mkewe vizuri, na wala si kazi yake kuingia kwenye ndoa ya watu. Kanuni ziko kali kuhusu ukaribu wa mtumishi na wafungwa au ndugu zao. Anachoweza kufanya ni kuuliza anwani ya pili. Mkeo akikataa, utakwenda wapi? Mwanamume anakasirika, anaona anatukaniwa mke. Lakini bila anwani ya pili, jibu la "hapana" linapomfikia kule ndani, na wiki zimebaki chache, kinachobaki ni kutafutiwa kitanda kwenye hosteli ya watu waliotoka jela.

Hapa kwetu Tanzania tuna Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994, na tuna msamaha wa Rais wa siku za kitaifa. Tunaona kwenye televisheni watu wanatoka getini na vifurushi, wanacheka, wanamshukuru Mungu. Mimi huwa najiuliza, yule anayepanda daladala pale, huko anakokwenda wamemwandalia mkeka, au ndio kwanza watamwona mlangoni? Familia zetu hukutana kuzungumzia mahari, msiba na shamba. Kikao cha kumpokea mtu aliyetoka kunyea debe sijakisikia mara nyingi.

Siku yenyewe ikifika, California humpa anayetoka dola 200, kiwango kilekile tangu mwaka 1973. Kama hana nguo wala usafiri, gharama ya nguo za gereza na tiketi ya basi inakatwa humo humo. Kwa hiyo familia inaruhusiwa kutuma boksi la nguo wiki chache kabla, na mshauri ndiye anayemkumbusha mfungwa aandike nyumbani mapema kuliomba. Na hapo utashangaa. Mke aliyesema ndiyo kwa ofisa, aliyefagia chumba na kununua mashuka mapya, anasimama dukani mbele ya suruali za kiume na hajui achukue ipi. Mara ya mwisho alikuwa inchi 32. Sasa ananyanyua simu kuwauliza ndugu wa mume, nao hawajui. Inabidi asubiri apigiwe kutoka gerezani, ndipo aulize: "Baba nanihii, siku hizi kiuno chako ni ngapi?"