Kodi ya Nyumba na Kodi ya Shamba: Khabari za Kumtafuta Babu Mkulima Katika Karatasi za Zamani

Neno kodi lina maana mbili katika Kiswahili. Ya kwanza ni mali anayoitoa raia kwa Serikali. Ya pili ni fedha anayoitoa mpangaji kwa mwenye nyumba au mwenye shamba. Mtu akisema, "Nimelipa kodi," hatuwezi kutambua kama ametoka kwa mtoza ushuru au kwa mwenye nyumba yake, ila kwa kumwuliza zaidi. Lakini marehemu haulizwi. Kwa ajili ya maana hizo mbili ukoo wetu uliishi miaka mingi katika kosa, na kidogo tulikuwa karibu kufikishana barazani. Twaandika khabari hii kwa kuwa walimu na mapadre ndio wanaoletewa karatasi za namna hii wasomewe, nao yafaa wajue zinasema nini na zinanyamaza juu ya nini.

Katika nyumba yetu ya Kariakoo, Dar es Salaam, kulikuwa na sanduku la bati lililowekwa chini ya kitanda cha shangazi yetu. Ndani yake mlikuwa na karatasi tatu za baba wa babu yetu, ambaye humu tutamwita Mzee. Tangu utoto tuliambiwa ya kuwa Mzee alikuwa na shamba lake pale pale ambapo leo ni soko na maduka, na ya kuwa ushahidi umo sandukuni, maana alilipia kodi ya shamba. Vijana wa ukoo walipoona bei za viwanja vya Kariakoo jinsi zilivyopanda, walianza kusema juu ya kudai haki. Shangazi akatuita, akasema, "Wanangu, kabla hamjakwenda kwa wakili someni kwanza. Mimi nimezilinda tu, sikuzisoma."

Sharti kwanza tueleze mahali penyewe. Kariakoo haikuwa mji tangu mwanzo. Palikuwa shamba la minazi, mali ya Mzungu aliyeitwa Schoeller, nje ya mji wa Dar es Salaam. Kabla kidogo ya vita iliyoanza mwaka 1914, Serikali ya Wajerumani ililinunua shamba hilo ili pawe mahali pa nyumba za Waafrika, mitaa ikapimwa kwa kamba, na jengo la soko likajengwa. Waingereza walipouteka mji mwezi wa Septemba 1916, waliwaweka huko wapagazi wa jeshi lao, walioitwa kwa Kiingereza Carrier Corps; na vinywa vya watu vikalilainisha jina hilo hata likawa Kariakoo. Kwa hiyo mtu akisema babu yake alilima "Kariakoo" wakati wa Wajerumani, ajue ya kuwa jina hilo babu mwenyewe hakulijua alipokuwa akilima. Asilitafute katika karatasi za wakati ule, kwani hatalikuta.

Sasa tuje kwenye karatasi. Mbili zilikuwa na chapa ya Serikali na maneno ya Kijerumani. Ya tatu ilikuwa ndogo, haina muhuri wo wote, nayo imeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika watu wa pwani kabla ya kuzoea herufi za Kizungu. Ukoo wote uliitukuza hiyo ya tatu, kwa kuwa ndani yake, yasemekana, ndimo lilimokuwamo neno shamba.

Tulianza na zile mbili. Kodi ya nyumba iliamriwa na Wajerumani mwishoni mwa mwaka 1897, ikaanza kutozwa mwaka uliofuata. Nyumba ya kawaida ya shamba ilitozwa rupia 3 kwa mwaka, na nyumba za mjini zilitozwa zaidi. Hapo kwanza wengi walilipa kwa mazao au kwa kazi. Baadaye, kwa sheria ya mwaka 1905, ilitakiwa fedha taslimu, na watu waume wasio na nyumba nao wakaanza kuhesabiwa. Msomaji aangalie neno lenyewe: kodi ilikuwa ya nyumba, yaani ya paa na kuta, kisha ikawa ya kichwa. Haikutozwa kwa ukubwa wa shamba wala kwa wingi wa mihogo. Mtu aliyelima pishi mbili na mtu aliyelima konde kubwa walisimama sawa mbele ya karani, kama kila mmoja alikuwa na nyumba moja. Basi karatasi ya kodi ya nyumba haithibitishi umiliki wa ardhi hata kidogo. Yathibitisha ya kuwa mwaka fulani mtu fulani alikuwa na paa juu ya kichwa chake na rupia tatu mkononi.

Ikiwa karatasi haina mwaka unaosomeka, fedha zenyewe husaidia. Hata mwaka 1904 rupia ya Wajerumani iligawanywa kwa pesa 64. Tangu mwaka huo iligawanywa kwa heller 100. Kwa hiyo karatasi yenye pesa ni ya zamani kuliko yenye heller. Shilingi haikuingia hata mwaka 1921, chini ya Waingereza. Ya kwetu moja ilikuwa na heller, nasi tukajua ya kuwa haiwezi kuwa ya mwanzo wa kodi, ijapokuwa mchwa walikuwa wamekwisha kula pembe yenye tarehe.

Tulipata taabu zaidi katika jina. Karani Mjerumani aliandika kama sikio lake lilivyosikia, kwa herufi za lugha yake. Sauti yetu ya j huiandika dsch, ya ch huiandika tsch, ya sh huiandika sch, na y huiandika j. Kwa hiyo Juma hugeuka Dschuma, Chande hugeuka Tschande, Shomari hugeuka Schomari. Tena wako Wazaramo ambao katika lugha yao r huwa l, na mtu mwenyewe alipotamka jina lake, karani aliandika alichosikia. Basi jina moja laweza kupita katika vinywa viwili na kutoka katika sura ambayo mjukuu wake hawezi kuitambua. Sisi tulipoteza siku nzima tukitafuta jina la Mzee mahali pasipo pake, mpaka tulipolitamka kwa sauti kama Mjerumani angalivyolisoma. Mwalimu atakayemsaidia mtu asione haya kusoma kwa sauti.

Na "bin" nayo yataka uangalifu. Mara nyingi "bin Abdallah" si mtoto wa mtu aitwaye Abdallah. Mtu aliyeingia katika Uislamu, au mtumwa asiyejulikana baba yake, huweza kuitwa hivyo, kwa maana watu wote ni watumwa wa Mungu. Twalitaja jambo hili kwa upole, kwa kuwa liliwatia baadhi ya ndugu zetu uchungu. Mashamba ya minazi ya pwani yalilimwa sana na watumwa. Wajerumani waliamuru ya kuwa watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru, na utumwa wenyewe ulifutwa kwa sheria ya Waingereza mwaka 1922. Atafutaye babu mkulima katika nchi hii ajiweke tayari kumkuta amelima kwa jembe la mwingine. Aibu si yake yule babu.

Tulikwenda pia katika Nyaraka za Taifa, Upanga, ambako zimehifadhiwa kumbukumbu za Serikali ya Wajerumani. Nazo ziliandikwa na UNESCO mwaka 1997 katika orodha ya kumbukumbu zenye thamani kwa ulimwengu. Mgeni asidhani atafunguliwa kitabu chenye majina ya wakulima wote kwa mpango wa alfabeti. Khabari za ardhi zimo, hasa za mashamba ya Wazungu na za viwanja vilivyoandikishwa, nazo nyingi zimeandikwa kwa mwandiko wa kale wa Kijerumani ambao hata Wajerumani vijana wa leo hawausomi kwa urahisi. Za wakati wa Waingereza ni nyepesi zaidi. Katika vitabu vya wilaya mna khabari za majumbe, mila na kodi, kwa hiyo ni bora kuuliza kwanza, "Babu alikuwa chini ya jumbe gani?" kuliko kuuliza, "Babu alikaa kijiji gani?" Kodi ilipita mkononi mwa jumbe na akida, na mara nyingi watu walijulikana kwa jumbe wao kuliko kwa ardhi yao. Jina la Mzee hatukuliona huko.

Ikabaki karatasi ya tatu. Tuliipeleka kwa mwalimu mmoja wa chuo cha Korani, mtu mzima mwenye kuzoea maandishi ya zamani ya pwani. Aliinua miwani, akaisoma polepole mara mbili, kisha akatuuliza, "Nyie mwasema hili ni shamba la nani?" Tukamwambia ni la Mzee wetu. Akatikisa kichwa. Yaliyoandikwa yalikuwa haya kwa maana, si neno kwa neno: ya kuwa mwenye shamba amepokea kwa Mzee kodi ya mwaka, kwa mahali pa nyumba na kwa palipolimwa muhogo, na minazi haimo.

Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo yaliyoimaliza kesi yetu kabla haijaanza. Katika desturi ya pwani, mti na ardhi si mali moja. Mtu aweza kuwa na minazi katika ardhi ya mwingine, akairithisha na kuiuza. Na mwenye ardhi aweza kumkaribisha mtu alime muhogo, mahindi au kunde, vitu vya mwaka mmoja, lakini asimruhusu kupanda mti wa kudumu. Maana apandaye mnazi amepanda dai, na dai hilo laishi miaka mingi kama mnazi wenyewe. Kwa hiyo mwandishi wa karatasi ile aliposema minazi haimo, alikuwa akijilinda. Alimpa Mzee udongo wa kulimia msimu, akamnyima mti. Na kodi aliyolipa Mzee haikuwa ya Serikali hata kidogo: ilikuwa ya upangaji. Kile tulichokishika miaka yote kama ushahidi wa kumiliki kilikuwa ni ushahidi wa kutomiliki.

Vijana hawakupendezwa. Mmoja alisema ya kuwa sheria ya Waingereza ya mwaka 1923 juu ya ardhi ilipaswa kumlinda Mzee kwa kuwa alikwisha kulima. Tukamweleza ya kuwa sheria ile, na nyongeza yake ya mwaka 1928, ilitambua haki ya wenyeji wakaao katika ardhi kwa mila zao. Ila mahali pale palikuwa pamekwisha kununuliwa na Serikali kutoka kwa Mzungu na kupimwa viwanja kabla Waingereza hawajaingia. Babu yetu, mwana wa Mzee, alipata kiwanja chake baadaye kama mtu ye yote, akajenga nyumba ya vyumba sita na ukumbi katikati. Na nyumba hiyo ndiyo tuliyo nayo. Hakuna aliyeitwaa. Baada ya hayo yule kijana alinyamaza, ingawa hatudhani ya kuwa ameridhika.

Lakini shangazi alikuwa na swali jingine, na kwa kweli hilo ndilo lililotutoa jasho. Alisema, "Shamba silitaki. Nataka kujua mama yake Mzee alikuwa nani." Wazaramo huufuata ukoo kwa upande wa mama, na upande wa baba huwapa jina la heshima waliitalo mtala, basi mtu asiyejua mama wa babu yake hajui ukoo wa babu huyo. Hapo karatasi zote tatu zilikuwa bubu. Mtoza kodi hakuuliza mama. Wake wa mtu aliwahesabu kwa nyumba zao, akamwandika mume peke yake. Hata twaweza kukuta mtu mmoja ametozwa kwa nyumba tatu, tukajua ya kuwa ana wake, wala tusilione jina la hata mmoja.

Jibu lilitoka mahali tusipopatazamia. Dada yake Mzee, wa mama mmoja naye, aliolewa huko Uzaramo, akabatizwa katika utu uzima kwenye misioni ya Kilutheri ya Kisarawe. Katika kitabu cha ubatizo, pamoja na jina lake jipya, padre aliandika jina la baba na jina la mama, kwa sababu kanisa liliuliza wote wawili. Kitabu kilikuwa kimelowa ukingoni na ukurasa umeshikana na mwenziwe. Mtunzaji aliutenganisha kwa ncha ya kisu, pumzi imemkaa kifuani. Jina la mama lilisomeka lote.

Twawaomba mapadre wenzetu wenye vitabu kama hivyo wavitoe sakafuni, wavifunike na mvua, na wawaruhusu watu kuvitazama mbele ya macho yao. Vilivyoandikwa kwa wino hafifu vipigwe picha sasa.

Tuliporudi Kariakoo tulimsomea shangazi lile jina. Alilirudia mara tatu, akataja ukoo, akataja na jamaa wawili wa Maneromango aliokuwa akisalimiana nao misibani miaka yote pasipo kujua kwa nini wanamwita ndugu. Kisha akazirudisha zile karatasi tatu sandukuni, na jina la bibi yake baba yake akaliandika yeye mwenyewe, kwa kalamu ya risasi, upande wa ndani wa kifuniko.