AFYA YETU: Koleo kwa Ajili ya Mwenzako

Mwezi wa Aprili katika milima ya Alpi, huko Ulaya, marafiki huondoka alfajiri, wamefunga miguuni mbao za kutelezea. Hupanda hadi kileleni, kisha hushuka kwa kuteleza. Kwa nini alfajiri? Jua likipanda, theluji huloa na kulegea. Yaweza kuporomoka na kumfukia mtu. Akifukuliwa ndani ya dakika 10, kwa kawaida huokoka. Ikipita nusu saa, wengi huwa wamekufa kwa kukosa hewa.

Waokoaji wa mbali huchelewa. Hivyo kila mmoja huvaa kifaa cha redio kinachoonyesha alipo, na hubeba koleo kwa ajili ya mwenzake.

Mwaka 1923 Papa Pio wa XI alimtangaza Mtakatifu Bernardo wa Menthon kuwa msimamizi wa wapanda milima. Kumwomba ni vyema. Lakini rafiki akisema, "Saa tano imefika, turudi," msikilize.