Kituo cha Ngomeni: Roketi Zilikoma, Kazi Haikukoma



Huko Ngomeni, karibu na Malindi nchini Kenya, Waitalia walijenga kituo cha anga katika miaka ya 1960. Satelaiti 9 zilirushwa kutoka jukwaa lililosimama baharini kati ya 1967 na 1988. Ile ya tarehe 12 Desemba 1970 iliitwa Uhuru, kwa kuwa Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake siku hiyo.

Roketi zilikoma, lakini madishi ya nchi kavu yaliendelea na kazi. Satelaiti inayozunguka karibu na dunia huonekana kutoka mahali pamoja kwa dakika chache tu. Katika dakika hizo dishi huifuata, hupokea taarifa zake na kuitumia maagizo. Kwa kuwa Ngomeni iko karibu na ikweta, satelaiti ya Italia iitwayo AGILE, iliyozunguka juu ya ikweta kuanzia 2007 hadi 2024, ilipita hapo kila baada ya dakika 100 hivi.

Kamati za sharika na wafadhili wetu, uzinduzi ni wa siku moja. Tunapopitisha bajeti tuulize pia: nani atautunza mradi huu baada ya utepe kukatwa?