Namna ya Kupima Matunzo: Makazi ya Wazee na Huduma za Utengamao Kandokando ya Ziwa Viktoria

Makazi ya wazee, kwa maana inayotumika katika utawala wa Tanzania, ni mahali ambapo Serikali huwalea watu waliofikisha umri wa miaka 60 au zaidi ambao hawana ndugu wa kuwatunza wala njia ya kujikimu, pamoja na watu wengine ambao maradhi au ulemavu umewaondolea uwezo wa kujihudumia. Katika Mkoa wa Mwanza makazi yanayojulikana zaidi ni yale ya Bukumbi, wilayani Misungwi, ambayo historia yake imefungamana na ugonjwa wa ukoma, na katika mikoa jirani yako makazi ya namna hiyo Kolandoto mkoani Shinyanga na Nyabange mkoani Mara. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaitambua familia kuwa mlezi wa kwanza wa mzee na kuyachukulia makazi kuwa hatua ya mwisho baada ya njia nyingine kushindikana. Msimamo huo una tokeo ambalo halitajwi mara nyingi: wanaofika makazini ni wale hasa wasio na mtu wa kuwasemea, na kwa sababu hiyo ukimya wao hauwezi kuchukuliwa kuwa ushahidi kwamba wanatunzwa vizuri. Ubora wa matunzo yao unapaswa kutafutwa kwa vipimo vinavyoweza kusema kwa niaba ya mtu asiyelalamika.

Mtaalamu aliyeweka msingi wa upimaji huo ni Avedis Donabedian, daktari mzaliwa wa Beirut aliyefanya kazi Marekani, ambaye katika makala yake ya mwaka 1966 alipendekeza kwamba ubora wa huduma uchunguzwe kwa kuangalia mambo matatu. La kwanza ni muundo, yaani majengo, vifaa, fedha na idadi ya watumishi; la pili ni mchakato, yaani yale anayotendewa mgonjwa tangu asubuhi hadi usiku; na la tatu ni matokeo, yaani hali anayobaki nayo baada ya kutendewa hayo. Muundo mzuri huongeza uwezekano wa mchakato mzuri lakini hauuhakikishi, na hapa ndipo makosa mengi ya upimaji huanzia, kwa kuwa muundo ndio unaoonekana upesi kwa macho ya mgeni. Kikundi kinachotembelea makazi wakati wa Idi au Krismasi kikiwa na magodoro, mchele, mafuta na sabuni hufanya jambo jema na la lazima, maana mahitaji hayo ni ya kweli. Hata hivyo shehena hiyo hupima ukarimu wa waliotoa, na haisemi iwapo mzee aliyelazwa juu ya godoro jipya hugeuzwa, huogeshwa kwa wakati, au hubadilishiwa shuka iliyolowa kabla ya mapambazuko.

Kipimo cha kwanza kinachostahili kuaminiwa ni ngozi. Mtu asiyeweza kujigeuza hubanwa kati ya mfupa wake na kitanda, mishipa midogo ya damu hufunga, na nyama iliyokosa damu kwa saa kadhaa huanza kufa. Kidonda kinachotokea huitwa kidonda cha mgandamizo, nacho hupenda visigino, nyonga na sehemu ya chini ya mgongo. Wataalamu hukigawa katika hatua nne, kuanzia ngozi isiyochanika lakini iliyobadilika, hadi shimo linalofikia msuli au mfupa. Vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya na Marekani humfundisha muuguzi kutafuta wekundu, na mafundisho hayo hayatoshi Mwanza, kwa sababu kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kwa urahisi na dalili ya kwanza hupatikana kwa kugusa: mahali hapo huwa na joto au ubaridi tofauti na pembeni yake, huwa pagumu au palaini isivyo kawaida, na mzee huweza kulalamika maumivu kabla jicho halijaona lolote. Mhudumu ambaye hajafundishwa kugusa ataandika kwa moyo mweupe kwamba ngozi ni nzima, ilhali uharibifu umekwisha kuanza chini yake.

Kinga ya kidonda hiki si ya gharama kubwa lakini inadai mikono, kwani kwa kawaida mtu aliyelala moja kwa moja anahitaji kugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili, kukaushwa, na kuinuliwa badala ya kuburutwa. Iko pia mizani ya Braden, iliyochapishwa mwaka 1987, ambayo humpa mkazi alama kati ya 6 na 23 kwa kutazama mambo sita: uwezo wa kuhisi, unyevu wa ngozi, kiwango cha kutoka kitandani, uwezo wa kujigeuza, lishe, na msuguano wa mwili na shuka; alama 18 au chini yake huonyesha kwamba mtu yuko hatarini. Swali lenye uzito zaidi wakati wa ukaguzi ni mahali kidonda kilipoanzia. Wazee wengine huletwa na vidonda walivyovipata nyumbani au hospitalini, na makazi yanayowapokea hayawezi kulaumiwa kwa hilo, ila kidonda kilichozaliwa ndani ya makazi yenyewe ni habari ya matunzo yake.

Kuhusu Bukumbi, suala la ngozi lina sura ya pekee ambayo mizani ya kigeni haikuizingatia. Bakteria wa ukoma huharibu neva, na ingawa dawa mseto zilizoanza kutumika duniani mwanzoni mwa miaka ya 1980 huwaua na kumfanya mgonjwa asiambukize tena, neva iliyokwisha kufa hairudi. Mzee aliyepona ukoma miaka mingi iliyopita anaweza kukanyaga msumari, kushika sufuria ya moto au kuvaa kiatu kinachomkwangua bila kuhisi chochote, na kidonda cha unyayo kisichoonwa mapema huweza kumfikisha kwenye kukatwa mguu. Kope za wengine hazifumbi, hivyo jicho hukauka na kuingiwa na vumbi hadi upofu unaoweza kuzuilika unapotokea. Kwa wakazi wa namna hii matunzo bora ni kazi ndogondogo za kila siku zisizo na fahari: nyayo kuchunguzwa kila jioni, miguu kulowekwa majini na kupakwa mafuta ili ngozi isipasuke, ndara zenye soli laini ndani na ngumu nje, vikombe vyenye mpini usiopitisha moto. Idadi ya vidonda vipya vya unyayo kwa mwezi ingetosha kuwa kipimo cha makazi kama hayo, na ni ajabu ya kusikitisha kwamba kipimo rahisi kiasi hicho hakitajwi katika mazungumzo mengi kuhusu wazee hawa.

Kipimo cha pili ni uzito wa mwili. Mzee anayepoteza asilimia 5 ya uzito wake ndani ya mwezi mmoja, au asilimia 10 ndani ya miezi sita, bila kukusudia, anahesabiwa kuwa yuko katika hatari. Kwa mtu mwenye kilo 50, asilimia 5 ni kilo mbili na nusu tu, kiasi ambacho macho hayawezi kukigundua chini ya nguo. Asiyeweza kusimama juu ya mizani hupimwa kwa mkanda mzunguko wa sehemu ya juu ya mkono, na kinachotazamwa ni mabadiliko ya mwezi hadi mwezi. Chakula cha Kanda ya Ziwa kina utajiri unaoweza kuwasaidia wazee iwapo kitatayarishwa kwa kuzingatia vinywa vyao, kwa kuwa dagaa waliokaushwa na kusagwa ndani ya uji hutoa protini na madini ya chokaa, wakati sangara au sato aliyepikwa bila kuchambuliwa miba ni hatari kwa mtu aliyepatwa na kiharusi, ambaye koo lake haliratibu tena kumeza na ambaye chakula chake huweza kuingia mapafuni na kusababisha nimonia. Mtu huyo anahitaji kulishwa akiwa ameketi wima, polepole, kwa muda unaoweza kufika nusu saa. Ndiyo maana mkaguzi mwangalifu huhesabu watumishi waliopo wakati wa chakula cha jioni, maana orodha ya mishahara haimlishi mtu, na mhudumu mmoja mwenye wazee sita wa kulishwa hana njia ya kuwatendea haki wote hata akiwa na moyo wa dhahabu.

Utengamao, neno linalotumiwa na wataalamu wa afya wa Tanzania kwa huduma za kumrudishia mtu uwezo uliopotea kwa ugonjwa au ajali, una kipimo chake kilichozoeleka, nacho ni faharasa ya Barthel iliyochapishwa Marekani mwaka 1965. Faharasa hiyo huuliza juu ya shughuli 10 za kila siku, zikiwemo kula, kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti na kupanda ngazi, na kutoa alama kuanzia 0 kwa mtu anayetegemea wengine katika kila jambo hadi 100 kwa anayejimudu. Alama moja peke yake haina maana kubwa. Maana iko katika tofauti kati ya alama ya siku ya kupokelewa na ile ya miezi mitatu baadaye. Jambo hili lina uzito kwa sababu makazi yanayowapokea wazee dhaifu zaidi yataonekana mabaya kila yakilinganishwa na yale yanayowapokea wenye nguvu, na njia ya haki ni kumlinganisha kila mkazi na nafsi yake ya awali.

Faharasa hiyo hufichua pia kosa linalozaliwa na huruma au haraka. Mzee anayeweza kujilisha kwa dakika 20 akilishwa kwa dakika tano kila siku, au anayeweza kutembea na fremu akisukumwa kwenye kiti mwendo ili kuokoa muda, hupoteza uwezo huo katika wiki chache, na misuli ya uzeeni ikishalegea hurudi kwa tabu sana. Makazi yanaweza kuwa masafi, yenye chakula na watumishi wapole, huku alama za Barthel za wakazi wake zikiporomoka kimya kimya.

Wagonjwa wengi wa kiharusi wa Kanda ya Ziwa, hata hivyo, hawaingii makazini kamwe. Hutibiwa katika hospitali kama Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971 na yenye vitanda zaidi ya 900, kisha hurudi Sengerema, Magu au Ukerewe kutunzwa na binti, mkwe au mjukuu. Miezi mitatu ya kwanza baada ya kiharusi ndiyo ambayo mwili hurejesha uwezo kwa kasi zaidi, na ndiyo ambayo mgonjwa wa kijijini hukosa mtaalamu wa fiziotherapia. Daraja la Kigongo–Busisi, lililozinduliwa Juni 2025, limewaondolea watu wa Sengerema na Geita kungoja kivuko wanapokwenda Mwanza, ingawa watu wa visiwani Ukerewe bado hutegemea vyombo vya majini. Kwa familia hizi mizani ya ubora ni ileile: ngozi, uzito, na shughuli ambazo mgonjwa amezirudia mwenyewe tangu mwezi uliopita.

Nchi kadhaa zimejaribu kuyafupisha haya yote kuwa nyota. Marekani ilianza mwezi Desemba 2008 kuzipa nyumba za matunzo nyota 1 hadi 5, na kwa miaka kadhaa idadi ya watumishi ilitegemea taarifa zilizojazwa na nyumba zenyewe, hadi ulipoletwa mfumo wa kutumia kumbukumbu za mishahara. Tanzania nayo ilivipa nyota vituo vyake vya afya vya ngazi ya msingi katika mwaka 2015/16, ambapo takriban theluthi moja haikupata nyota hata moja, na tathmini ya pili ya 2017/18 ilionyesha kwamba sehemu hiyo ilikuwa imepungua sana. Uzoefu huo unathibitisha kwamba kupima kunaweza kusukuma mabadiliko. Tofauti ni kwamba zahanati hutembelewa, ilhali makazini watu huishi. Mtu anayelala mahali kwa miaka 10 anahitaji kuulizwa pia kama anaogopa.

Hofu si jambo la pembeni katika nchi ya Wasukuma, ambako wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, mara nyingine kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyoharibiwa na moshi wa miaka mingi ya kupikia kuni na kinyesi cha ng'ombe. Kwa bibi aliyekimbia tuhuma za aina hiyo, matibabu ya macho, mlango unaofungika, taa ya usiku na mlinzi anayejua jina lake ni sehemu ya tiba sawa na kidonge. Mahojiano naye yafanyike kwa Kisukuma iwapo hiyo ndiyo lugha anayoimiliki, na mfawidhi wa makazi asiwepo. Idadi ya vifo makazini, ambayo wengi huikimbilia kama kipimo, ndiyo yenye kupotosha zaidi, kwa kuwa baadhi ya wazee huletwa wakiwa karibu na mwisho. Kinachofaa kuulizwa ni kama maumivu yao yalipimwa na kutulizwa, jambo ambalo ndilo kiini cha tiba shufaa.

Kazi hii yote haihitaji mashine. Afisa ustawi wa jamii wa wilaya anaweza kufika bila taarifa saa ya chakula cha jioni au Jumapili usiku, akaomba daftari la kugeuza wagonjwa, daftari la uzito na alama za Barthel za miezi mitatu iliyopita, kisha akagusa visigino vya wakazi watano aliowachagua mwenyewe na kulinganisha alichokigusa na kilichoandikwa.