Kabati Lisilogoma Masika

Wengi wetu hapa Malindi tumepata kununua kabati likapendeza siku ya Idi, kisha masika yakaingia, mlango ukavimba na kugoma kufunga. Sisi lilitupata hilo, tena kwa fedha za mchezo wa kina mama. Ndipo binti yetu alipoomba kujifunza useremala, nasi, baada ya kusitasita, tukaridhia.

Amerudi na elimu tuliyokuwa tukiidharau. Ubao hunywa unyevu wa bahari ukatanuka kwa upana, kwa urefu si kitu. Kwa hiyo fremu ya mlango huungwa kwa ulimi na tundu, gundi ikatiwa hapo tu. Ubao wa katikati huchomekwa ndani ya mfuo bila gundi wala msumari, ukabaki na nafasi ya kutanuka. Mbambakofi ni ghali; yeye hutumia mwarobaini, ambao mchwa hawaupendi, lakini huuacha kwanza ukauke barabara. Kuficha ubao mbichi chini ya rangi, kwa maoni yetu, ni ghushi.

Kabati lake la kwanza lilipinda. La pili limo jikoni, masika ya pili haya, na mlango wafunga.