Hela Nyeupe Iliyogeuka Nyeusi

Neno "hela" tulitamkalo kila siku sokoni lina safari ndefu. Mwaka 1904 Wadachi walianza kutumia sarafu ya heller katika koloni lao la Afrika Mashariki. Utawala wao ukaisha, jina likabaki. Asili yake ni mji wa Schwäbisch Hall, ambako katika Zama za Kati zilipigwa sarafu ndogo za fedha. Katika nchi jirani ya Bavaria, iliyotawaliwa na maduki, ndugu yake aliitwa pfennig.

Pfennig moja haikufikia uzito wa gramu moja. Thelathini zilikuwa shilingi, na shilingi nane zilikuwa pauni. Bavaria ilipogawanywa mwaka 1392, kila duki alitia alama yake: Munich kichwa cha mtawa, Landshut kofia ya chuma ya vita.

Mafundi walifua bamba la fedha iliyochanganywa na shaba, wakalikata vipande, kisha wakavigonga kwa nyundo juu ya muhuri. Vipande hivyo vilichemshwa katika maji makali ili shaba ya juu itoke, navyo vikang'aa. Lakini vilipopita mikono mingi, weupe ulikwisha na shaba ikajitokeza. Watu wakaziita pfennig nyeusi.

Balaa lilikuja kati ya mwaka 1457 na 1460. Kaisari Friedrich wa Tatu na nduguye Albrecht waligombania Austria, na vita vilihitaji fedha. Basi shaba ikazidishwa katika sarafu hata fedha ikawa haba mno. Duki Ludwig wa Landshut naye alifuata njia hiyo hiyo. Sarafu hizo mbovu ziliitwa Schinderlinge.

Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo nyasi. Tajiri mwenye dhahabu aliificha ikatulia. Kibarua alilipwa kwa pfennig, na pfengig za jana hazikutosha kununua mkate wa leo. Wauzaji wakazikataa, biashara ikazorota, na mwaka 1460 ikabidi sarafu njema zirejeshwe.

Funzo lake halijachakaa. Thamani ya hela haimo katika mng'aro wake, bali katika uaminifu wa aitoaye. Na uaminifu huo ukipungua, wa kwanza kutambua si mweka hazina, bali mama arudiye kutoka sokoni na kikapu chepesi.